Kanda za waandishi wa Makerere 1962: nani alirekodi, zilienda wapi, na sisi wa Kiswahili tulikuwa wapi

#1 Mtunza Kanda

Wakuu, habari za humu.

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o atutoke Mei 2025, vipande vya video zake vinazunguka kila kona. Dakika moja hapa, sekunde arobaini pale, na chini yake watu wanarushiana maneno kuhusu lugha, yaani mwandishi wa Afrika aandike Kiingereza au lugha ya kwao. Sawa, tugombane. Ila ugomvi huo una mahali ulipoanzia, na wengi wanapataja kwa kusikia tu: mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere, Kampala, Juni 1962. Nimeamua kuufungulia uzi kwa upande ambao hauongelewi sana, yaani mazungumzo ya redio yaliyorekodiwa na waandishi waliokutana pale. Ni marefu. Mwenye haraka ateremke kwenye michango.

Hali ilikuwa hivi. Tanganyika ina miezi sita ya uhuru. Uganda bado miezi minne, Kenya bado mwaka na nusu. Kampala wanashuka Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J.P. Clark kutoka Nigeria. Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane ni Waafrika Kusini waliokwisha kukimbia kwao. Kuna Kofi Awoonor wa Ghana, ambaye siku hizo alijulikana kama George Awoonor-Williams. Kuna Grace Ogot na Rebecca Njau wa Kenya. Kuna Rajat Neogy, mtoto wa Kampala, aliyeanzisha jarida la Transition mwaka 1961. Langston Hughes mwenyewe alivuka bahari kutoka Marekani. Na kuna mwanafunzi wa hapo hapo chuoni, James Ngugi, ndiye huyo huyo Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyepata mwaliko kwa hadithi fupi chache alizokuwa amechapisha. Ana mswada wa riwaya, anatafuta wa kuusoma, anampa Achebe. Mswada huo ukatoka kitabu mwaka 1964.

Mwaliko ulikuwa kwa Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Hilo lilikuwa ndani ya jina rasmi la mkutano, halikufichwa.

Sasa kanda. Mwaka huo huo ilifunguliwa ofisi London iliyoitwa Transcription Centre, mkuu wake Dennis Duerden. Kazi yao ilikuwa kurekodi vipindi kuhusu fasihi na sanaa za Afrika na kuvisambaza kwa vituo vya redio, vikiwemo vya nchi zilizokuwa zinapata uhuru na zilikuwa na saa nyingi za kujaza hewani. Nkosi akawa mhoji wao. Mwaka 1962 hiyo hiyo akawaweka mbele ya maikrofoni Achebe, Soyinka na Okigbo, joto la Kampala halijapoa. Baadaye akaingia Robert Serumaga, mtunzi wa tamthilia wa Uganda, naye akawahoji kina Awoonor na Okot p'Bitek. Mwaka 1972 Duerden na Cosmo Pieterse waliyakusanya mazungumzo hayo kwenye kitabu, African Writers Talking, Heinemann wakakitoa. Wengi wetu tuliosoma fasihi chuoni tumenukuu kutoka humo bila kujua kwamba tunanukuu redio.

Kinachonivuta ni namna Nkosi anavyouliza. Hamsifu mtu. Anamuuliza Achebe alifikaje kwenye uandishi, Achebe anamjibu kwamba mojawapo ya mambo yaliyomsukuma ni riwaya ya Joyce Cary, mzaliwa wa Ireland, kuhusu Nigeria. Kila mtu alikuwa anaisifu, yeye akaona imeichora nchi yake juu juu tu, nchi na watu wake pia. Leo kila mwalimu wa fasihi anaisimulia habari hiyo. Pale alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo akijieleza kwa kijana mwenzake. Halafu Okigbo: miaka mitano baada ya mahojiano hayo alikufa vitani Biafra. Hakufika hata miaka arobaini. Mshairi wa namna hiyo ukiwa na sauti yake akieleza mashairi yake mwenyewe, una kitu ambacho mhakiki yeyote hawezi kukutengenezea.

Kumbukumbu za Transcription Centre leo zinatunzwa Harry Ransom Center, Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Mkutano wa Kampala, ofisi ya London, kabati la Texas.

Na sisi? Shaaban Robert alifariki Juni 1962, mwezi ule ule wa mkutano. Ngũgĩ ndiye aliyelisema hili kwa uchungu kwenye kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha: yeye mwanafunzi mwenye hadithi mbili tatu alistahili kiti Makerere, Shaaban Robert mwenye vitabu vya mashairi na nathari hakustahili, kwa sababu aliandika Kiswahili. Tanga na Kampala si mbali kiasi hicho.

Hoja yangu ni hii, mnipinge. Tunalalamika kwamba Kiswahili kiliachwa nje ya mkutano. Mimi naona hasara kubwa zaidi ni kwamba kiliachwa nje ya *maikrofoni*, na bado kiko nje. Nenda mtandaoni leo, tafuta hafla yoyote ya vitabu ya Kiswahili iliyorekodiwa. Utapata utambulisho wa meza kuu. Utapata "itifaki imezingatiwa". Utapata hotuba nzima ya mgeni rasmi, salamu za wadhamini, burudani ya ngoma. Mwandishi anapewa dakika tano za mwisho watu wakiwa wameshaanza kuangalia chakula, na hapo ndipo mpiga video anakunja waya zake. Saa moja ya mwandishi na mwenzake wameketi, mmoja anauliza na mwingine anajibu, iko wapi?

#2 Kiroboto Mweusi

Nimeweka kambi hapa. Mwenye gahawa alete.

#3 Bibi Vitabu

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini umekuja na kipimo cha wageni. Mshairi wa Kiswahili hakuwahi kusubiri tamasha. Sisi tumekua na mashairi ya redioni na magazetini, huyu anauliza Pemba, yule anajibu kutoka Ujiji, wa tatu anaingilia kutoka Mombasa. Kujibizana kwenyewe ndiko mahojiano. Anayetaka kujua Mswahili anawaza nini kuhusu utunzi wake amsome anavyomjibu mwenziwe aliyemkosoa mizani, hahitaji kijana wa kumshikia maikrofoni.

Na wapo waliokuwa upande wa pili wa maikrofoni. Mshairi Abdilatif Abdalla, baada ya kifungo chake Kenya 1969 hadi 1972 na miaka ya Dar es Salaam, alikwenda kufanya kazi Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Ken Walibora, mwandishi wa riwaya, alisoma habari kwenye televisheni Nairobi. Usiseme tulikuwa nje ya maikrofoni.

#4 Mtunza Kanda

Shikamoo Bibi. Nakubali kuhusu majibizano, na ningeongeza kwamba ni utamaduni mkali kuliko huo wa Kampala. Ila mfano wako wa pili unanisaidia mimi. Abdilatif na Walibora walishika maikrofoni kuwauliza wengine habari za dunia. Nani aliwageuzia wao kwa saa nzima, awaulize kuhusu kazi zao? Mwaka 2020 pekee tulimpoteza Kezilahabi Januari na Walibora Aprili. Nilipita mitandaoni wiki zile. Rambirambi zilikuwa nyingi kuliko sauti zao wenyewe.

#5 Bibi Vitabu

Marahaba. Hapo kwa Kezilahabi umenigusa, sibishi. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini angeulizwa na mtu aliyemsoma angesema.

#6 Mchongo wa Kariakoo

Subirini kwanza. Nimegugo hiyo Transcription Centre. Mbona mleta mada umeruka kwamba hela zilitoka CIA? 😂 Fasihi ya Afrika ilianzishwa na majasusi halafu tunaambiwa tuililie.

#7 Mtunza Kanda

Mkuu sikuruka, nilikuwa naiwekea nafasi yake.

Ni kweli. Mkutano uliendeshwa na shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom, makao yake Paris, pamoja na Mbari, klabu ya waandishi na wasanii ya Ibadan, Nigeria, na idara ya elimu ya nje ya chuo pale Makerere. Mphahlele ndiye aliyesimamia dawati la Afrika la shirika hilo. Transcription Centre na Transition nao walipata fedha kupitia mkondo huo. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yakafichua kwamba nyuma yake ilikuwa CIA. Ilikuwa vita baridi ya utamaduni, Wamarekani wakitaka wasomi wa dunia wasiegemee Moscow.

Lakini tazama nani alikula hela hiyo na akafanya nini nayo. Transition ilichapisha mwaka 1963 makala ya Obi Wali, mhakiki wa Nigeria, iliyoushambulia mkutano wenyewe, akisema fasihi ya Afrika kwa Kiingereza inaelekea ukutani. Kwa hiyo jarida lililolishwa na mkono mmoja na mkutano ndilo lililotoa pigo kali zaidi dhidi ya mkutano. Neogy akafungwa mwaka 1968 na serikali ya Obote kwa yaliyochapishwa humo. Ngũgĩ aliyekaa kwenye viti vile ndiye aliyekuja kuwa mpinzani mkubwa wa ubeberu wa lugha. Kama ilikuwa njama ya kuwatuliza waandishi, basi mjasusi aliyehusika alistahili kurudisha mshahara.

Hata hivyo sikatai kwamba mwenye hela alichagua. Alichagua Kiingereza. Hilo ndilo la kumuuliza.

#8 Mchongo wa Kariakoo

Hapo kwenye mshahara nimecheka kwa sauti kwenye daladala. Endelea mkuu.

#9 Mwana wa Ruwenzori

Naongea kutoka Kampala. Mimi sioni kosa. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika Kiingereza, basi. Mkiandaa kongamano la Kiswahili Dodoma hamtaalika mtu anayeandika Luganda au Acholi, na hatutafungua uzi wa kulia. Okot p'Bitek aliandika kwanza kwa Acholi, ndipo akajitafsiri. Hakungoja mwaliko wa mtu. Na kile kichekesho cha Soyinka kuhusu negritude, ile harakati ya waandishi weusi ya kujivunia weusi wao, kwamba simbamarara hatangazi usimbamarara wake bali anaruka tu, huwa kinahusishwa na mkutano ule wa Kampala. Hapakuwa mahali pa watu wanyonge waliokwenda kupokea maagizo.

#10 Mtunza Kanda

Ndugu yangu wa Kampala, hoja yako ina uzito na ya Luganda nakuachia ushindi. Tofauti ni kwamba kongamano la Dodoma halitajiita baadaye mwanzo wa fasihi ya Afrika nzima. Lile la Makerere limekuwa likiitwa hivyo na watu wengi tu. Ukijipa jina la ukoo mzima, ndugu uliowaacha nje watauliza.

#11 Mzee wa Mitambo

Vijana, nimefanya kazi ya mitambo ya redio tangu kompyuta haijaingia studio. Niwape upande wa fundi, maana mnajadili maneno tu.

Kanda za wakati huo zilikuwa za robo inchi, kwenye magurudumu. Gurudumu la kawaida lilikuwa na futi 1,200. Ukiliendesha kwa kasi ya inchi saba na nusu kwa sekunde linakupa dakika 32 hivi. Ukishusha kasi iwe nusu unapata muda mara mbili, lakini sauti inapungua ung'avu. Kwa hiyo mnaposoma mahojiano ya zamani mkaona mazungumzo yamekatika pale yanaponoga, mara nyingi si mhoji aliyechoka. Gurudumu limeisha.

La pili, tulihariri kwa wembe. Unasikiliza, unaweka alama kwa kalamu ya nta, unakata, unaunga kwa utepe wa gundi. Vilivyokatwa ni kikohozi, kicheko kirefu, ukimya wa mtu anayefikiri. Vinaanguka chini, jioni vinafagiliwa. Kipindi kinachosikika hewani ni safi. Mtu aliyeongea hakuwa hivyo.

La tatu, na hili linaniuma. Kanda zilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Zilipoadimika, amri ilikuwa kurekodi juu ya za zamani. Kituo kimoja nilichokaa (sitakitaja) niliwahi kuambiwa niandae kanda za hotuba ya kiongozi, nikapewa magurudumu yaliyoandikwa kwa mkono majina ya washairi. Nilifanya kazi niliyotumwa. Sikuwa na cheo cha kukataa.

#12 Bibi Vitabu

Mzee wa Mitambo, umenikosesha usingizi. Washairi gani?

#13 Mzee wa Mitambo

Mama, bora nisiyataje. Ndugu zao wapo hai na wanaamini sauti ziko salama.

#14 Msomaji wa Ngara

Mko na uzi mtamu sana hapa. Wacha niongeze ya Nairobi.

Huyo Awoonor mnayemtaja alirudi kwetu miaka 51 baada ya Makerere. Septemba 2013 alikuja kwa Storymoja Hay Festival, tamasha lilikuwa linafanyika pale makumbusho ya taifa, Nairobi. Jumamosi tarehe 21 alikuwa kwenye jengo la maduka la Westgate na mtoto wake wa kiume, magaidi wakavamia. Mtoto alijeruhiwa, mzee akauawa, akiwa na umri wa miaka 78. Jioni ile ile alikuwa asimame jukwaani kusoma mashairi na wenzake kutoka nchi mbalimbali. Tamasha likavunjwa.

Sasa fikiria. Mtu alirekodiwa akiwa kijana, kwa kanda hizo za Mzee, na mpaka leo unaweza kusoma alichosema. Ile jioni ya mwisho hakuna kitu cha kurekodi kwa sababu haikuwepo. Tangu siku hiyo mimi nikienda tamasha la waandishi, liwe Macondo au kikao kidogo cha vitabu, simu yangu iko juu ya meza inarekodi sauti. Nauliza ruhusa kwanza, sijawahi kukataliwa na mwandishi. Wanaokataa ni waandaaji.

#15 Kiroboto Mweusi

Wanakataa kwa nini?

#16 Msomaji wa Ngara

Wanasema video rasmi itawekwa mtandaoni. Ikiwekwa, sauti imetoka kwa kamera iliyokuwa nyuma ya ukumbi, unasikia viti na kiyoyozi. Maswali ya watu hayasikiki kabisa kwa sababu hakuna maikrofoni iliyopelekwa kwao, kwa hivyo unasikia mwandishi akijibu swali usilolijua. Na mimi naona maswali ya ukumbini ndiyo yenye chumvi.

Kuna lingine. Machi 2020 corona ilipofunga kila kitu, Zukiswa Wanner akiwa hapa Nairobi alianzisha Afrolit Sans Frontieres, tamasha la mtandaoni tupu. Waandishi walikuwa nyumbani kwao, wanasoma na kujibu maswali moja kwa moja kwa Facebook na Instagram. Ilikuwa raha, mwandishi Luanda, msomaji Kisumu, mwingine London. Halafu Februari 2025 Facebook wakatangaza kwamba video za moja kwa moja zitakaa siku 30 tu kisha zinafutwa, na zile za zamani pia zinaondolewa, mwenye nazo anapewa taarifa na siku 90 za kuzipakua. Vikundi vingapi vya vitabu huku kwetu viliona hiyo taarifa? Mtu aliyekuwa na nywila ya ukurasa alishahama kazi kitambo.

#17 Mzee wa Mitambo

Kwa hiyo wao wanafuta kwa tangazo. Sisi tulifuta kwa sumaku. Mwenye hifadhi ni yule yule, asiyekuwa mwandishi wala msikilizaji.

#18 Mtunza Kanda

Hili la Facebook nadhani ndilo la kubeba kwenye uzi huu wote. Tunacheka Texas ilivyobeba kanda zetu, lakini Texas wana orodha, wana boksi lenye namba, na mtafiti akiandika barua anajibiwa. Sauti za miaka hii ya karibuni tumezikabidhi kwa mtu asiye na orodha yoyote kwa ajili yetu.

Hata Soyinka, alipokuja Dar es Salaam Aprili 2009 kuzungumza kwenye Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale Mlimani, ukumbi ulijaa. Waliokuwepo wanasimulia mpaka leo, kila mmoja na toleo lake. Mwenye rekodi kamili ya maswali na majibu kutoka viti vya nyuma aje tumpigie magoti.

#19 Karani Mstaafu

Na haki je? Mnarekodi, mnapandisha mtandaoni, mwandishi anapata nini? Wale wa 1962 kitabu kilipouzwa walilipwa? Nauliza kwa nia njema.

#20 Mtunza Kanda

Swali halali mkuu. Kwa sasa hivi ushauri wangu ni kikaratasi kimoja kabla ya kuanza: jina, tarehe, mahali, na ruhusa ya aina gani. Kuhifadhi tu? Kusikilizisha darasani? Kupandisha mtandaoni? Mwandishi aweke alama na sahihi, abaki na nakala. Ruhusa ya kuhifadhi na ruhusa ya kuchapisha ni vitu viwili. Mtu anaweza kukuruhusu uweke sauti yake leo isisikilizwe mpaka amalize kitabu anachokiandika, na unapaswa kumheshimu.

#21 Binti wa Makorora

Habari wakubwa, shikamooni. Mimi niko Tanga na ni mgeni humu. Marehemu babu alikuwa mshairi, mashairi yake yalisomwa redioni na gazetini, lakini hakuwahi kutoa kitabu. Tuna kaseti moja ndogo, rafiki yake alikuja nyumbani wakakaa barazani wanabishana kuhusu vina, mmoja anatunga mwingine anamkosoa. Mama anasema ni ya miaka ya themanini. Nina redio ya kaseti niliyonunua mnadani. Naomba kujua nianzie wapi, nataka niirekodi kwenye simu leo usiku.

#22 Bibi Vitabu

Mtunza Kanda, saa yako ya mwandishi na mwenzake hiyo hapo. Tena barazani, bila mgeni rasmi.

#23 Mtunza Kanda

Nimesimama wima Bibi, nimenyamaza.

#24 Mzee wa Mitambo

Marahaba mwanangu. Usirekodi leo usiku, na hiyo redio ya mnadani iweke kando kabisa. Mashine usiyoijua inaweza kuitafuna kanda kwa sekunde mbili.

Itazame kwanza kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe pembeni mwa kanda ni ukungu, usiiguse, iweke mahali pakavu na uniambie. Ukiona ni safi, ingiza penseli kwenye tundu uizungushe taratibu, usikie kama inakwama. Angalia kile kipande kidogo cha sufi katikati ya mdomo wa kaseti, kama kimedondoka. Zile ndimi mbili ndogo za plastiki juu ya kaseti, moja kwa kila upande wa kanda, kama bado zipo zivunje, ili mtu asibonyeze kitufe chekundu akafuta kwa bahati mbaya. Kisha itafutwe mashine nzima, isafishwe kichwa kwa spiriti, na sauti itolewe kwa waya kuingia kwenye kompyuta. Simu iliyowekwa mbele ya spika itakupa mlio wa pangaboi.

Ndani ya kasha kuna karatasi? Imeandikwa nini, na kaseti ni ya dakika 60 au 90? Piga picha pande zote mbili uweke hapa.